Uzi wa Course: Oblivion, episodi ya Voyager ambayo watu tuliowazoea wanakufa na hakuna anayejua

Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Nianze na tahadhari, humu namwaga kila kitu mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujaiona na unataka kuiona pita kwanza ukaitafute. Ni Star Trek Voyager, sirizi ya TV ya Kimarekani ya safari za anga za juu, msimu wa 5, ilirushwa tarehe 3 Machi 1999, haifiki hata saa nzima, iangalie urudi tuongee.

Mara ya kwanza niliiona nikiwa shule. Kaka yangu alikuwa anakodi CD pale library ya mtaani na Voyager alikuwa anaileta vipande vipande bila mpangilio, leo msimu wa 2 kesho msimu wa 6, kwa hiyo hii niliiona bila kuwahi kuona ile inayoitangulia. Sikuelewa kitu. Nikaona watu niliowazoea wanakufa mmoja mmoja mpaka Kapteni Janeway anafia kwenye kiti chake, meli inayeyuka, halafu inatokea meli ileile na watu walewale wazima kabisa, wanaangalia mabaki, wanaandika kwenye shajara ya meli, wanaondoka. Nikalia na sikujua nalia nini. Juzi usiku nimeirudia, safari hii nikiwa naijua hadithi yote, na imeniuma vilevile, tena zaidi, ndo maana nimekuja kwenu.

Kwa ambao hamkuifuatilia. Voyager ni meli ya Shirikisho, yani muungano wa sayari ambao dunia imo, inayoongozwa na Kathryn Janeway, kaigiza Kate Mulgrew, imerushwa upande wa pili kabisa wa galaksi, zaidi ya miaka ya nuru 70,000 kutoka duniani, na hata kwa spidi yao ya juu kabisa kurudi ni kama miaka 75, yani wengi wao watafia njiani. Sirizi ilianza Januari 1995 ikaisha Mei 2001, misimu 7, na kitu kinachoisukuma misimu yote 7 ni kwenda nyumbani. Likumbukeni hilo maana episodi hii inakaa hapohapo.

Sasa rudi nyuma Mei 1998, msimu wa 4 unaelekea mwisho, kuna episodi inaitwa Demon. Meli imeishiwa deuteriamu, ndo mafuta yake, taa zimepunguzwa, baridi, wanatafuta mafuta popote. Wanaikuta sayari yenye joto kali na hewa ya sumu, aina ambayo wenyewe wanaiita ya mashetani kwa sababu hakuna mtu anatia mguu. Maafisa wawili wa meli, Harry Kim na Tom Paris, wanashuka na suti zao, wanakuta madimbwi ya kimiminika kama fedha iliyoyeyuka, Harry anadondokea humo. Baadae wanarudi melini na maajabu ni kwamba hewa ya meli inawakaba, hewa ya sayari ndo wanaivuta raha mustarehe. Kumbe sio wao. Kile kimiminika kimewanakili, sura, sauti, kumbukumbu, kila kitu, wakati Harry na Tom wenyewe wako chini huko wamezimia. Na kwa kuwanakili ndo mara ya kwanza hicho kitu kimejua kwamba kipo. Kimeonja kuwa na fahamu, hakitaki kurudi kuwa dimbwi. Meli inatua, inaanza kuzama, na mwishowe Janeway anazungumza nacho, wanakubaliana, wafanyakazi wa meli watatoa sampuli zao ili dimbwi litengeneze watu wa kuishi kwenye ile sayari, nalo liwaachie waende zao.

Kwa kweli Demon yenyewe ni episodi ya kawaida tu, wapo mashabiki wengi hawaipendi na siwalaumu. Ila bila hiyo hii nyingine haisimami.

Sasa Course: Oblivion inaanza na harusi. Tom Paris anamuoa B'Elanna Torres, mhandisi mkuu wa meli, Janeway ndo anafungisha, watu wanapiga makofi, wanarushiwa mchele kama kwenye harusi za kizungu, na kamera inaufuata ule mchele unavyodondoka chini na huko chini chuma cha meli kinacheza kidogo, kama ngozi ya mtu inavyosisimka. Sekunde chache tu na hakuna aliyeona. Halafu tunaambiwa habari njema, wametengeneza injini ya wapu, ile ya kupita spidi ya mwanga, iliyoboreshwa, badala ya miongo ya miaka sasa watafika duniani ndani ya miaka miwili na kidogo. Kila mtu ana furaha. Na ukiwa mfuatiliaji mkali hapo utakuwa umestuka, maana Tom kavaa cheo cha luteni wakati kwenye episodi ya Thirty Days, Desemba 1998, Janeway alimshusha kuwa ensaini, cheo cha chini kabisa cha afisa, na kumtupa mahabusu siku 30. Mimi sikukiona, alinionyesha mtu miaka mingi baadae. Jibu lilikuwa kwenye kola ya bwana harusi tangu dakika ya kwanza.

Kuta zinaanza kulegea. Torres anaumwa, anakuwa wa kwanza, anafia zahanati ya meli mume wake akiwa pembeni, ndoa haijamaliza hata wiki sijui. Chakotay, msaidizi wa Janeway, na Tuvok, mkuu wa ulinzi, wanaanza kupekua, wanaona kwamba vitu walivyovipata karibuni havina tatizo, vinavyooza ni vile vilivyokuwepo tangu zamani, wakiwemo wao wenyewe. Wanarudi nyuma misheni moja baada ya nyingine mpaka wanafika ile sayari. Wanauchoma mwili wa Torres kemikali, na unageuka kimiminika cha fedha mbele ya macho yao.

Wao ndo nakala. Walisahau. Waliondoka kwenye ile sayari wakiwa na kumbukumbu za watu wengine na kadiri walivyoishi kama Voyager wakasahau kwamba waliwahi kuwa kitu kingine. Na mnururisho unaowayeyusha unatoka kwenye ile injini mpya.

Hapa ndo ninapotaka tupakazie macho wakuu. Kila kitu walichokuwa nacho hawa watu kilikuwa cha kurithi, majina, sura, uniform, mapenzi ya Tom kwa B'Elanna, hata hamu ya kwenda duniani. Kitu kimoja tu walikifanya wao kama wao, bila kunakili kwa mtu, ni ile injini. Voyager wenyewe hawakuwa nayo. Hawa walikaa wakafikiri, wakajenga, ikafanya kazi, wakawapita waliowanakili. Na hichohicho ndicho kilichowaua. Kama wangebaki kuwa nakala tu wangekuwa hai mpaka leo. Hilo sijawahi kuona mtu analisema na mi naona ndo kiini cha maumivu yote ya hii episodi.

Jibu #2

Mkuu nakuheshimu na umeandika vizuri ila mimi hii episodi iliniudhi. Voyager walikuwa na tabia hii, wanaua kila mtu, wanabomoa meli, unakaa roho juu, halafu wiki ijayo wote wapo na kapeti jipya. Year of Hell walifanya hivohivo 1997, episodi mbili nzima meli inachakaa mpaka huruma, mwisho Janeway anaibamiza kwenye meli ya adui, muda unarudi nyuma, hakuna kilichotokea. Sasa na hii nayo. Nikijua mapema kwamba hawa sio wenyewe nahisi nimeibiwa machozi yangu.

Mleta uzi

Nakuelewa kabisa mkuu na kuhusu Year of Hell niko na wewe, ile ilistahili kubaki. Lakini hii sio sawa na ile. Kule muda ulirudi, ule mwaka ukafutika, hakuna aliyeteseka kwa sababu haukuwahi kuwepo. Huku hakuna kilichofutika. Hawa waliishi kweli miezi yote ile, walioana kweli, walikufa kweli na wamebaki wamekufa. Wiki ijayo unaowaona ni watu wengine! Ukisema wote wapo unakuwa umefanya kosa lilelile la mtu anayemwambia mama aliyefiwa na pacha mmoja kwamba si bado unaye mwingine.

Halafu fikiria waandishi walichojinyima. Hadithi ni ya Bryan Fuller, akaandika pamoja na Nick Sagan, mtoto wa yule mwanaastronomia Carl Sagan, na aliyeongoza ni Anson Williams, huyohuyo aliyeongoza Demon. Wangeweza kabisa kuweka mtu mmoja anusurike. Wangeweza kuacha ujumbe mmoja ufike. Walikuwa na njia, na wakaifunga kwa makusudi, nitaifikia.

Jibu #3

Naomba niongezee kitu hapo kwenye nakala maana watu wanasahau Deadlock, msimu wa 2, Machi 1996. Voyager inapita kwenye wingu la plazma ikiwakimbia Wavidiani, wale wanaoiba viungo vya watu kwa sababu ya ugonjwa wao, na ikitoka inakuwa imegawanyika mara mbili bila yenyewe kujua, meli mbili mahali pamoja, kila moja na watu wake kamili. Moja inapigwa vibaya, Harry Kim anatolewa nje kwenye anga anakufa, mtoto mchanga wa Samantha Wildman anazaliwa na kufa palepale. Nyingine haina hata mkwaruzo. Halafu Wavidiani wanaivamia ile nzima, na Janeway wa ile nzima anaamua kuilipua na yeye ndani, ila kabla ya hapo anamvusha Harry wake na yule mtoto kwenda ile iliyoharibika.

Sasa jamani, kuanzia siku ile Harry Kim tunayemuangalia misimu mitano inayofuata sio yule aliyepanda meli episodi ya kwanza, au tuseme ni yeye kwa nusu. Naomi Wildman naye hivohivo, mama anayemlea sio tumbo lililombeba. Na hakuna mtu melini anamwita Harry nakala. Anakula, anapiga klarineti yake, anangoja kupandishwa cheo. Kwa nini huyu ni mtu na wale wa sayari ya mashetani ni kimiminika? Kwa sababu huyu kanakiliwa na nyama? Mi naona Voyager walishatoa jibu miaka mitatu kabla.

Jibu #4

Hoja nzuri zote, ila mimi ni fundi wa mitambo na mambo haya yananiwasha. Moja, kwenye Demon walitoa sampuli za watu, sasa meli imetoka wapi? Mbili, Daktari wa meli ni hologramu, mtu wa mwanga anayeendeshwa na kompyuta, hana damu hana DNA, alinakiliwaje? Tatu, wale nakala walikuwa hawawezi kuvuta hewa ya meli, ilikuwa inawakaba, humu wanavuta kama kawaida. Sisemi ni mbaya, nauliza.

Mleta uzi

Fundi maswali yako ni ya haki. La meli mimi nadhani, na hii ni tafsiri yangu, ni kwamba Voyager ilitua na kuzama kwenye lile dimbwi, na kama dimbwi liliweza kusoma mtu mpaka kumbukumbu zake basi liliisoma na meli, kuta, waya na kompyuta. Ukikubali hapo basi na Daktari anapatikana, yeye ni programu inayokaa kwenye kompyuta ya meli. La hewa sina la kukutetea, wamelirukia. Mi ninalichukulia kama sehemu ya kule kusahau, walivyozidi kuwa binadamu na mapafu nayo yakafuata, lakini najua huo ni utetezi wa mtu anayependa.

#3 umenifungua macho na Harry. Na ona sasa, kwenye Course: Oblivion baada ya Janeway kufa anayebaki kuongoza meli ni nani? Harry Kim. Ensaini wa milele. Yule ambaye kwenye meli halisi misimu yote 7 hakupandishwa cheo, huku anakaa kwenye kiti cha kapteni, na abiria wake waliobaki ni wachache mno, wenzake Seven na Neelix wakiwemo, ngozi zinawamomonyoka.

Ngoja nirudi kwa Janeway maana yeye ndo aliyenigawa nusu mbili. Akijua ukweli, bado anasema tunaenda duniani. Tom amepoteza mke, ana hasira na kila kitu, haoni tena kwa nini afuate amri za mtu ambaye hata ukapteni wake ni wa kunakili. Chakotay anamsihi wageuze, warudi kwenye sayari yao, kule ndo kwao. Janeway hataki. Wanatafuta sayari nyingine ya aina ileile iliyo karibu, wanaipata, kumbe kuna wachimba madini wameshaimiliki, wanawashambulia. Na hapa jamani tulieni. Ana silaha. Watu wake wanakufa. Kurusha makombora tu, awafukuze wale wachimbaji, ashuke, wapone. Anakataa, kwa sababu kapteni wa Shirikisho hauwi watu wasio na kosa ili ajiokoe. Anageuza meli anaondoka.

Sasa mtu aniambie huyo sio Janeway. Kile kiapo hakukila yeye, alikila mwanamke mwingine wa nyama na damu huko duniani, lakini aliyekilipia kwa bei kubwa kuliko wote ni huyu.

Kosa lake ni kuchelewa. Chakotay anakufa, ndo anatoa amri ya kurudi kwenye sayari ya mashetani, na njia yote ile inabidi irudiwe na meli inayodondoka vipande. Angesikia mapema labda wangefika. Mimi namlaumu na namwelewa kwa wakati mmoja.

Jibu #5

Asalaam alaykum. Mie huwa nasoma tu siandiki lakini leo nimeshindwa. Nimezaliwa Maskati, wazee wangu wametoka Unguja, mie Unguja nimeingia mara ya kwanza nina miaka 26. Lakini kabla ya hapo nilikuwa naijua. Nilikuwa naujua mwembe wa nyumbani kwa bibi, najua kibaraza alichokuwa anakaa babu na nani alikuwa anakaa kushoto kwake, najua harufu ya karafuu ikianikwa, yote kwa hadithi za mamaangu jikoni. Siku niliyofika nikashuka kwenye boti nikalia kama mtu aliyerudi, na sijapatapo kuwepo.

Kwa hivyo Chakotay akimwambia Janeway kuwa dunia si kwao, mie namuona Chakotay hajui anachosema, ingawa alikuwa na haki kwenye suala la kuokoa maisha. Yule mwanamke hakuwa anamwigiza mtu. Hamu ya kwenu hupewa, huichagui, na ikishaingia ni yako. Hilo tu nililotaka kusema, nisameheni kama nimetoka nje ya mada.

Jibu #2

Dada hujatoka nje ya mada hata kidogo. Nimesoma hii post yako mara mbili. Naenda kuiangalia tena wikiendi hii, narudisha maneno yangu ya kuibiwa machozi, angalau kwa muda.

Mleta uzi

Dada #5 ahsante sana, sikuwa nimeifikiria hivyo na sasa sitaweza kuifikiria vingine. Mimi nilikuwa nasema hamu ya dunia ni kitu walichorithi kwa hiyo sio chao. Nafuta hiyo sentensi. Ya injini nabaki nayo.

Sasa nimalizie ile njia niliyosema waliifunga. Janeway wakati bado yupo hai anaagiza watengeneze kibweta cha kumbukumbu, kwa vifaa visivyooza, waweke humo shajara zao zote, historia yao kama wao, ili hata wakifa wote mtu atakayekiokota ajue walikuwepo. Anakufa. Harry anarithi ile kazi, wanajitahidi mpaka mwisho, siku ya kukirusha mtambo wa kurushia umeshaoza nao, kinaharibika na kila kilichomo. Seven anasimama pale, Harry anasimama pale, hakuna wa kumlaumu.

Halafu wanaona meli nyingine kwa mbali kwenye vipimo. Wanajaribu kuifikia, kuiita. Ni Voyager. Wenyewe. Sisi tunajua, wao hawajui, na hawafiki. Voyager inapokea wito wa msaada, inakuja, inakuta matone na vumbi linaelea. Janeway anauliza kama kuna aliyesalimika, hakuna, anaagiza waandike mahali na muda, na safari inaendelea. Anasema kwa sauti ya kawaida ya mtu mwenye huruma na haraka. Nimesimamisha pale nikaangalia uso wake muda mrefu. Ni mabaki yake mwenyewe yale.

Na jambo la mwisho kabisa halafu nawaachia. Tom na B'Elanna wa kweli walikuja kuoana, msimu wa 7, episodi inaitwa Drive, mwaka 2000. Ila sherehe hatukuonyeshwa. Tunawaona tu mwishoni wakiwa kwenye chombo chao kidogo, wameshaoana, wanaondoka. Harusi pekee tuliyoalikwa sisi watazamaji, yenye kiapo na mchele na watu kupiga makofi, ni ile ya nakala. Siku hizi mtu akiniuliza harusi ya Tom na Torres ilikuwaje, najibu kwa kumweleza ile.

Jibu #4

Mleta uzi swali moja tu. Mwisho wa Demon wanaonekana? Nimesahau.

Mleta uzi

Wanaonekana fundi. Voyager inapaa, na wao wamesimama chini kwenye ile ardhi yao, wote, Janeway, Tom, B'Elanna, Harry, hawana suti, wanavuta hewa ya kwao, wanaangalia juu meli inavyoondoka. Wakati huo walikuwa bado wanajua wao ni nani.